Rutuba ya Msitu na Maisha ya Wanyama wa Mitini Wenye Mfuko nchini Australia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Misingi

1. Ni wanyama gani hasa wanaozungumziwa hapa?

Ni mamalia ambao mtoto wao huzaliwa akiwa mdogo mno, kisha humalizia kukua ndani ya mfuko wa ngozi tumboni mwa mama, na ambao hawaishi ardhini kama kangaruu walio wengi bali juu ya miti. Koala ndiye anayejulikana zaidi duniani, lakini si yeye peke yake. Wapo posumu wa aina nyingi, kama vile posumu mkia-burashi na posumu mkia-pete. Wapo pia posumu warukaji, wenye ngozi iliyotanda kati ya mguu wa mbele na wa nyuma, ambayo huwawezesha kuelea hewani kutoka mti hadi mti. Posumu mrukaji mkubwa, mwenye uzito wa gramu 900 hadi 1,700, huweza kuelea umbali wa hadi mita 100 bila kugusa ardhi. Katika misitu ya mvua ya kaskazini mwa Queensland wapo hata kangaruu wanaopanda miti.

Ukurasa huu unahusu Australia, kwa sababu huko ndiko uhusiano kati ya udongo, jani na mnyama umechunguzwa kwa kina zaidi.

2. Rutuba ya msitu na uzalishaji wake ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa mara nyingi huandamana. Rutuba ni kiasi cha virutubisho, hasa nitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambacho mizizi inaweza kukipata udongoni na kukifikisha kwenye majani. Uzalishaji ni wingi wa mmea mpya, yaani majani, mbao, maua na mbegu, ambao eneo fulani hutengeneza kwa mwaka. Uzalishaji hutegemea rutuba, lakini hutegemea pia maji, mwanga na joto.

Tofauti hii ina uzito kwa mnyama. Uzalishaji humwambia majani ni mengi kiasi gani, na kama yataendelea kuchipua wakati wa ukame. Rutuba humwambia jani moja lina nini ndani yake. Msitu unaweza kuwa na majani tele ambayo hayamfai (tazama swali la 9).

3. Kwa nini ardhi ya Australia husemwa kuwa maskini?

Kwa sababu ni ya kale na haijafanywa upya. Katika sehemu kubwa ya bara hilo hapakuwa na volkeno za karibuni, wala barafu kubwa iliyosaga miamba kuwa udongo mpya, wala milima michanga inayomomonyoka na kujaza mabonde. Mvua za mamilioni ya miaka zimeosha virutubisho, na kilichopungua zaidi ni fosforasi, ambayo asili yake ni mwamba na ambayo ikishapotea haina njia rahisi ya kurudi.

Hata hivyo umaskini huo haukuenea sawasawa. Pale ambapo basalti ya volkeno ilimwagika, au ambapo mito huweka matope yake, rutuba hupanda ghafla. Mambo mengi yanayoelezwa hapa chini yanatokana na mabaka hayo ya ardhi nzuri katikati ya ardhi duni.

## Jani kama chakula

4. Mikaratusi imejaa kila mahali. Mnyama anayekula majani yake anawezaje kukosa chakula?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo msingi wa mengine. Jani la mkaratusi ni gumu, lina nyuzinyuzi nyingi, na nitrojeni yake kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake mkavu. Nitrojeni ndiyo malighafi ya protini, na bila protini mama hawezi kutengeneza maziwa wala mtoto kukua.

Zaidi ya hapo, mti haukubali kuliwa bure. Jani limejaa mafuta yenye harufu kali, tanini, na kundi la kemikali za sumu zinazopatikana katika mikaratusi ya nasaba fulani na kukosekana katika nyingine. Tanini hushikamana na protini tumboni na kuifanya isimeng'enywe. Kwa hiyo majani mawili yenye nitrojeni sawa maabara huweza kumpa mnyama protini tofauti kabisa. Watafiti wa siku hizi hawaridhiki tena na kipimo cha nitrojeni yote iliyomo kwenye jani; hupima ile ambayo mnyama anaweza kuichukua baada ya tanini kuchukua fungu lake. Kipimo hicho kilipotumiwa kwa posumu mkia-burashi kaskazini mwa Queensland, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kilionyesha kwamba majike wenye miti bora katika maeneo yao walifanikiwa zaidi kuzaa na kulea.

5. Basi koala na wenzake huishije kwa chakula kibovu namna hiyo?

Kwa kubana matumizi. Koala hupumzika na kulala sehemu kubwa ya siku, mwili wake hutumia nguvu kidogo, na ini lake lina uwezo mkubwa wa kuvunja sumu. Ana mfuko wa utumbo uliozibwa upande mmoja, unaoweza kufikia urefu wa mita 2, ambamo bakteria huchachusha majani polepole. Mtoto hazaliwi na bakteria hao. Kabla ya kuanza kula majani hulishwa na mama kinyesi laini cha pekee kinachowabeba.

Posumu mkia-pete ana njia nyingine: hula tena sehemu ya kinyesi chake laini, ili protini iliyotengenezwa na bakteria isipotee. Posumu mrukaji mkubwa huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mnyama anayeishi kwa akiba ndogo kiasi hiki hana nafasi ya kuvumilia jani kupungua ubora hata kidogo, na hapo ndipo rutuba ya udongo inapoamua kama ataishi mahali fulani au la.

6. Kwa nini koala hula mti mmoja na kuuacha wa aina ileile ulio jirani?

Mtazame koala anapofika kwenye tawi: huvuta jani, hulipitisha puani, na mara nyingi huliachia bila kulitafuna. Miti ya aina moja, iliyoota udongo mmoja, hutofautiana sana kwa kiasi cha sumu, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Karibu na Yeoval, New South Wales, mkaratusi mmoja ulipata umaarufu mwaka 1990 kwa sababu wadudu waliutafuna wote isipokuwa tawi moja lililobaki kijani, likiwa na kemikali tofauti na matawi mengine ya mti uleule.

Katika kisiwa cha Phillip, Victoria, watafiti walipima kemikali za majani mti kwa mti, kisha wakalinganisha na miti ambayo koala walikuwa wakiitembelea. Koala walipendelea miti mikubwa yenye sumu kidogo, na miti hiyo haikuwa imetawanyika kwa usawa. Kwa hiyo ramani inayosema tu "msitu wa mikaratusi" haituelezi mnyama anaona nini.

## Kutoka mwambani hadi kwenye jani

7. Kuna ushahidi gani kwamba udongo ndio unaopanga wanyama hawa wakae wapi?

Ushahidi unaotajwa zaidi unatoka Eden, pwani ya kusini-mashariki ya New South Wales. Miaka ya mwanzo ya 1980, misitu ya huko ilikuwa ikikatwa kwa ajili ya malighafi ya karatasi. L. W. Braithwaite na wenzake wa shirika la utafiti la taifa, CSIRO, walifuatilia ukataji huo na kuorodhesha wanyama waliojitokeza miti ilipoangushwa. Waligundua kwamba asilimia 63 ya wanyama wa mitini walikuwa kwenye asilimia 9 tu ya msitu. Walipochunguza majani ya maeneo hayo, walikuta nitrojeni, fosforasi na potasiamu nyingi zaidi, na walipofuata chanzo chake walifika kwenye aina ya mwamba ulio chini. Mahali pengi penye majani duni hapakuwa na wanyama, ingawa kwa macho ya mpita njia msitu ulikuwa uleule.

Ushahidi wa pili unatoka nyanda za juu za Atherton, Queensland, katika mazingira tofauti kabisa: msitu wa mvua wa tropiki usiotawaliwa na mikaratusi. Hapo udongo wa basalti unapakana na udongo uliotokana na graniti na miamba mingine duni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba posumu wanaokula majani, pamoja na kangaruu-mti wa Lumholtz, walikuwa wengi zaidi kwenye basalti, ambako majani yalikuwa na virutubisho vingi zaidi, na wengi zaidi katika miinuko ya juu kuliko ya chini. Misitu miwili isiyofanana, wa Eden na wa Atherton, imetoa jibu moja, na kwangu hilo lina nguvu kuliko kipimo chochote kimoja.

8. Wataalamu hujuaje wanyama wako wapi, nao wamejificha juu na hutoka usiku?

Njia ya zamani bado inatumika: kutembea usiku na kurunzi yenye mwanga mkali na kutafuta macho yanayong'aa. Siku hizi kuna pia droni zenye kamera zinazotambua joto la mwili. Kwa upande wa chakula, majani hukusanywa, hukaushwa, husagwa na kumulikwa kwa mwanga wa infraredi; namna mwanga huo unavyorudi huonyesha kiasi cha nitrojeni na sumu bila kufanya jaribio refu kwa kila jani. Setelaiti husaidia kukadiria uzalishaji wa msitu mzima, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya mtu anayekwenda kuchuma majani.

9. Je, msitu wenye miti mikubwa zaidi ndio makazi bora zaidi?

Si lazima. Mfano mzuri ni misitu ya mkaratusi-mlima, *Eucalyptus regnans*, katika nyanda za kati za Victoria. Huu ndio mti wa maua mrefu kuliko yote duniani, na utafiti wa mwaka 2009 ulikadiria wastani wa tani 1,867 za kaboni kwa hekta katika misitu hiyo mikongwe, kiasi kinachozidi misitu mingine iliyopimwa. Mvua ni nyingi, udongo ni mzito, uzalishaji ni mkubwa. Lakini koala, anayependelea mikaratusi ya nasaba nyingine, hapati humo karamu ambayo ukubwa wa miti ungetufanya tuitarajie.

Mbao na chakula ni mambo mawili. Mti unaweza kuweka kaboni nyingi kwenye shina huku majani yake yakibaki na nitrojeni kidogo. Ndiyo maana kupima msitu kwa mita za ujazo za mbao, au kwa tani za kaboni, hakumtoshi mtu anayetaka kulinda wanyama.

10. Na wale wasiokula majani? Rutuba inawahusu?

Inawahusu kwa njia nyingine. Posumu mrukaji mwenye tumbo la njano hukata magome kwa meno, mara nyingi kwa umbo la herufi V, na kulamba utomvu unaotiririka. Hula pia maji matamu ya maua na wadudu. Vyakula hivyo vina sukari nyingi na protini kidogo, tena hupatikana kwa msimu, kwa hiyo kundi moja huhitaji eneo kubwa, mara nyingi hekta 30 hadi 60, ilhali posumu mrukaji mkubwa hutosheka na hekta 1 hadi 4 pale msitu unapokuwa mzuri.

Posumu wa Leadbeater, aliyedhaniwa kuwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1961, hutegemea gundi ya miti jamii ya miwati, ile ambayo wakulima wa Njombe wanaifahamu kwa magome yake ya tanini. Miwati hushirikiana na bakteria wa mizizini kuvuta nitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo huongeza rutuba ya msitu huku ikimlisha mnyama.

## Matundu, moto na joto

11. Chakula kikiwa kizuri, kuna kingine kinachohitajika?

Ndiyo: mahali pa kulala. Koala hukaa kwenye panda ya tawi, na posumu mkia-pete huweza kujijengea kiota cha matawi, lakini wengi wa wengine hutegemea matundu ndani ya miti mizee. Afrika Mashariki ndege gogota hutoboa miti na kuacha nyumba kwa viumbe wengine. Australia haina gogota. Tundu huko hutokana na tawi kuvunjika, kuvu kuozesha kiini, mchwa kula na moto kuchoma, na kazi hiyo huchukua zaidi ya miaka 100; tundu la kumtosha posumu mrukaji mkubwa huweza kuhitaji miaka 150 au zaidi. Isitoshe, mnyama mmoja hutumia matundu mengi kwa zamu.

Kwa hiyo makazi bora ni pale udongo wenye rutuba na miti mizee vinapokutana. Msitu mchanga juu ya basalti una chakula bila nyumba, na msitu mkongwe juu ya mchanga mtupu una nyumba bila chakula cha kutosha.

12. Masanduku ya kutundika mtini hayawezi kutatua hilo?

Husaidia kwa muda na mahali maalumu. Huoza, huanguka, huwa na joto kali wakati wa kiangazi, na huhitaji mtu wa kuyatunza miaka nenda rudi. Baadhi ya wataalamu sasa huchonga matundu ndani ya miti hai kwa msumeno wa mashine, na hali ya hewa ndani yake hukaribia ile ya tundu la asili. Hakuna sanduku linalobadilisha ubora wa majani.

13. Moto hufanya nini kwenye virutubisho na wanyama?

Moto huirusha hewani sehemu kubwa ya nitrojeni iliyokuwa kwenye majani na takataka za ardhini, huku fosforasi na potasiamu zikibaki zaidi kwenye majivu. Mikaratusi mingi huchipua tena kutoka kwenye shina lililoungua, na koala huonekana wakila machipukizi hayo. Moto wa mara kwa mara, hata hivyo, hupunguza akiba ya nitrojeni na kuangusha miti yenye matundu.

Mkaratusi-mlima ni dhaifu zaidi: moto mkali huuua, na msitu huanza upya kutoka kwenye mbegu. Mioto ya 1939 na 2009 iliteketeza sehemu kubwa ya makazi ya posumu wa Leadbeater. Msimu wa 2019 na 2020, zaidi ya hekta milioni 5 ziliungua New South Wales peke yake. Mabonde yenye unyevunyevu, ambayo mara nyingi ndiyo yenye rutuba, huungua kwa ukali mdogo katika miaka ya kawaida na kuwa kimbilio. Ukame ukiwa mrefu kama ule uliotangulia mioto hiyo, hata mabonde hayo hukauka na kuungua.

14. Ongezeko la joto na kaboni dioksidi hewani linaathirije jani?

Katika majaribio ya vitalu, miche ya mikaratusi iliyokuzwa kwenye hewa yenye kaboni dioksidi nyingi ilitoa majani yenye nitrojeni kidogo na kemikali za kujikinga nyingi zaidi. Mti unaweza kukua haraka, yaani uzalishaji ukapanda, ilhali chakula cha mnyama kinapungua ubora.

Joto huongeza tatizo. Kuvunja sumu tumboni na kwenye ini huzalisha joto la ziada, kwa hiyo usiku ukiwa wa joto mnyama hula kidogo ili asizidiwe. Posumu wa milimani Queensland, kama posumu-lemuri, hawavumilii joto linalozidi takriban nyuzi 30 kwa muda mrefu. Kukimbilia juu ya mlima si jibu kwa wote, kwa sababu miinuko mingi ina udongo wa graniti, na basalti haiwafuati.

## Watu na ardhi nzuri

15. Australia ina hifadhi nyingi za misitu. Kwa nini wanyama hawa wanaendelea kupungua?

Kwa sababu binadamu na posumu wametamani ardhi ileile. Wakulima walitambua mapema kwamba msitu ulioota kwenye basalti na kwenye kingo za mito ndio wenye udongo wa mahindi, ngano na malisho ya ng'ombe wa maziwa, wakaufyeka kwanza. Kilichobaki na baadaye kuitwa hifadhi kilikuwa, kwa sehemu kubwa, miteremko mikali na udongo duni ambao hakuna aliyeutaka. Atherton ni mfano wa wazi: msitu wa Mabi, unaoota kwenye basalti na kuwahifadhi kangaruu-miti, umebaki vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba, na umeorodheshwa kuwa katika hatari kubwa mno.

Kuhesabu hekta kwa hiyo hudanganya. Serikali inaweza kutangaza kwamba imehifadhi theluthi ya msitu, na tangazo likawa la kweli, huku sehemu iliyokuwa ikibeba wanyama wengi imekwisha. Mwaka 2022 koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu walipandishwa daraja kuwa walio hatarini kutoweka, na mwaka huohuo posumu warukaji wakubwa wa kusini na wa kati wakafuata. Victoria ilisimamisha ukataji wa misitu ya asili ya serikali tarehe 1 Januari 2024. Hatua hiyo ni kubwa na inastahili kupongezwa, lakini haigusi mabonde yenye rutuba yaliyo mikononi mwa watu binafsi.

16. Kwa nini wasitie mbolea kwenye misitu duni?

Mimea mingi ya huko imezoea fosforasi kidogo, na baadhi yake hudhurika ikizidishiwa. Zaidi ya hapo, jani lililonenepa kwa nitrojeni huwavuta wadudu kabla ya posumu kulifikia. Miaka ya 1970, katika nyanda za New England, New South Wales, mikaratusi mingi iliyobaki kwenye malisho ilikauka kwa kutafunwa na wadudu mfululizo, na malisho yaliyotiwa mbolea pamoja na samadi ya mifugo ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Njia yenye matumaini zaidi ni kupanda tena miti ya asili kwenye ardhi nzuri kando ya mito, hata kama ni vipande vyembamba.

## Hali zisizo za kawaida

17. Makazi bora yanaweza kuwadhuru wanyama?

Yanaweza, wakizidi na wakikosa pa kwenda. Cape Otway, Victoria, koala waliongezeka katika misitu ya mkaratusi-mana, ambao majani yake wanayapenda mno. Waliyala hadi miti ikafa, na mwaka 2013 njaa ikawakumba. Msitu wa aina moja ya mti uliozungukwa na mashamba hauna mahali pa kumpeleka mnyama mti unapokwisha.

18. Ni kweli kwamba posumu wamestawi zaidi ng'ambo kuliko kwao?

Kwa posumu mkia-burashi huko New Zealand, ndiyo. Walipelekwa kwa ajili ya manyoya kuanzia 1837, na katika misitu ambayo miti yake haikuwahi kujifunza kujilinda dhidi ya walaji wa aina hiyo walifikia makadirio ya milioni makumi kadhaa. Huko wanahesabiwa kuwa waharibifu, na huwindwa. Mnyama ni yuleyule. Kilichobadilika ni jani, pamoja na kukosekana kwa maadui.

19. Afrika Mashariki imejaa mikaratusi. Koala wangeweza kuishi huku?

Baadhi ya aina zilizopandwa huku, kama *Eucalyptus camaldulensis*, koala huzila kwao. Lakini mashamba yetu ni ya aina moja au mbili, huvunwa miti ikiwa michanga, na koala huhitaji kuchagua kati ya miti mingi (swali la 6). Posumu wanaohitaji matundu wasingepata hata moja. Isitoshe, yaliyotokea New Zealand yanatosha kuonyesha kwa nini hakuna mtu anayepaswa kujaribu.

20. Je, kanuni hizi zinafanya kazi kwa wanyama wetu wanaokula majani?

Zinafanya kazi, ingawa wanyama wetu hawana mfuko. Katika msitu wa Kibale, Uganda, jumla ya uzito wa mbega wote wanaoishi katika eneo imehusishwa na uwiano wa protini na nyuzinyuzi kwenye majani yaliyokomaa, yale yanayopatikana mwaka mzima, mantiki ileile ya Eden. Karibu na Jozani, Unguja, kima punju hula majani ya mikungu na miembe yenye protini nyingi na kemikali nyingi pia, kisha hutafuta makaa kwenye tanuri za zamani na visiki vilivyoungua na kuyala. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba makaa hayo hunasa kemikali hizo, hivyo kumwezesha kima kufaidi protini ambayo vinginevyo ingempita.